Tairi kabadilisha tajiri, anayelipa ni dereva

Ukishuka kunywa chai Mikumi, Ilula au Makambako, pale malori yanapolala kwa foleni usiku, kuna ugomvi mmoja hutakosa kuusikia. Dereva yuko kwenye simu, anazunguka gari lake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Utingo kakaa kwenye ngazi ya kichwa, kanyamaza. "Tajiri, sijachepuka popote. Gari halijatoka lami." Upande wa pili kuna mtu mwenye hesabu mbili mezani: kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, na kilomita zilizotumwa na kifaa cha GPS kilichofichwa ndani ya gari. Hesabu hizo hazilingani. Zisipolingana, wa kwanza kushukiwa ni aliyeshika usukani.

Tusidanganyane. Wizi wa mafuta upo, na madumu yanayojaa dizeli gizani kandokando ya barabara kuu hayajazwi na malaika. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikisikiliza kesi hizi za kwenye simu, nimeona swali moja haliulizwi kamwe: gari hili lilibadilishwa matairi lini, na saizi gani?

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji asiutafute. Anayebadilisha saizi ya tairi ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha spidomita na kihesabu kilomita vimerekebishwa kabla gari halijatoka gereji. Mpaka afanye hivyo, tofauti yoyote ya kilomita inayotokana na tairi isikatwe kwenye mshahara wa dereva, na faini ya mwendo inayotokana na tairi hilohilo isikatwe pia.

Dashibodi haioni barabara

Wengi wetu tunadhani spidomita hupima mwendo wa gari. Haipimi. Inahesabu mizunguko. Kwenye lori, sensa hukaa nyuma ya gia boksi na kuhesabu jinsi shafti inavyozunguka. Kutoka hapo, dashibodi inakisia: shafti ikizunguka mara kadhaa, difu litakuwa limezungusha tairi mara kadhaa, na kila mzunguko wa tairi ni urefu fulani wa barabara. Urefu huo uliingizwa kiwandani. Ukibadilisha tairi bila kuiambia dashibodi, yenyewe inaendelea kukisia kwa tairi ambalo halipo tena.

Tuchukue tairi ambalo kila mwenye semi analijua, 315/80R22.5. Namba ya kwanza ni upana wa milimita 315. Ya pili inasema ubavu wake una kimo cha asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 252. Ya mwisho ni rimu ya inchi 22.5. Jumlisha ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini, unapata kimo cha milimita 1,075 na ushee. Sasa tajiri amekwenda dukani, 315 hakuna au bei imemshinda, akachukua 295/80R22.5. Rimu ni ileile, tairi linaingia bila ubishi, na kwa macho huoni tofauti. Lakini kimo chake ni kama milimita 1,043. Limepungua sentimita tatu, karibu asilimia 3.

Tairi la 315 huzunguka karibu mara 300 kwa kila kilomita. La 295 linaongeza mizunguko kama tisa juu ya hiyo. Mizunguko tisa ni nini? Kwa kilomita moja si kitu. Subiri tufike Tunduma.

Kuna jambo hapa ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau. Kwenye lori linalosoma kutoka gia boksi, matairi yanayohusika ni yale ya difu tu. Weka mbele tairi pana kiasi unachotaka, badilisha matairi yote ya trela, dashibodi haitajua. Kwa upande mwingine, badilisha difu lenyewe, hata kama matairi ni yaleyale, na hesabu yote imeharibika. Difu la uwiano wa 3.42 likifa, mwenye gari akaletewa la 3.08 lililotolewa kwenye gari chakavu, shafti sasa inazunguka kidogo kuliko zamani kwa mwendo uleule. Dashibodi ikisema 80, lori liko karibu 89. Dereva ataapa kwa jina la mama yake kwamba alikuwa 80, na hatakuwa amesema uongo.

Kilomita 57 zatoka kwa nani?

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Kwenda na kurudi, 1,860. Lori lililoandaliwa kwa tairi la 315 likipewa 295, dashibodi itaonyesha kilomita kama 1,917. Zimezaliwa kilomita 57 ambazo hakuna aliyezitembea.

Semi lenye mzigo linaweza kula lita moja kwa kila kilomita mbili, kwa hiyo kilomita hizo ni kama lita 28 za dizeli. Kama tajiri anatoa mafuta kwa kufuata dashibodi, ametoa lita 28 za bure, na siku atakapogundua atasema ameibiwa. Kama anafuata GPS, ataona gari limetembea 1,860 huku dashibodi ikidai 1,917, na maelezo yatakayomjia kwanza kichwani ni kwamba dereva alichomoa kifaa, akachepuka kwenda kubeba mzigo wa pembeni, akakirudisha. Kwa vyovyote vile, dereva ana kesi ya kujibu. Naye atajitetea kwa lipi? Hajui 315 ilitofautiana na 295 kwa kiasi gani, na siku matairi yanabadilishwa huenda alikuwa nyumbani anapumzika.

Geuza sasa. Mwenye tipa la kokoto anachoka na matairi ya 11.00R20 yanayopasuka kwa uzito, anaweka 12.00R20. Kimo kimepanda kwa karibu sentimita nne. Hapa dashibodi inapunguza. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hapa barabara yenyewe inafupishwa: gari limekwenda kilomita 100, dashibodi imeandika 96 na ushee. Dereva anayelipwa kwa kilomita amefanya kazi ambayo haitaandikwa. Mafuta aliyopewa kwa hesabu ya dashibodi hayatamfikisha, na atakapopiga simu kuomba nyongeza ataulizwa ameyapeleka wapi. Umewahi kumwona mtu akitoa fedha zake mfukoni kununua dizeli ya gari la mwenzake ili tu afike? Mimi nimewaona, na fedha hiyo ilikuwa ya ada au ya unga.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asilimia 3 ofisini ni tarakimu baada ya nukta. Nyumbani kwa dereva, ikikatwa safari baada ya safari, ni mtoto anayerudishwa shule.

Wanaoamini GPS kama msahafu nao niwape neno. Vifaa vingi huchukua alama ya mahali gari lilipo kila baada ya muda fulani, kisha huunganisha alama hizo kwa mstari ulionyooka. Kwenye tambarare ya Usangu hakuna tatizo. Kwenye kona za Mlima Kitonga, mstari ulionyooka unakata kona, na kilomita zinapungua. Kwa hiyo inawezekana kabisa dashibodi imezidisha na GPS imepunguza, wote wawili kwa nia njema, na dereva aliye katikati akabeba jumla ya makosa yao.

Pikapu zilizoinuliwa

Mjini ugonjwa huu una sura nyingine. Kijana ananunua Hilux, jambo la kwanza anainua gari na kuvua matairi ya 265/70R16 kuweka 285/75R16 yenye meno makali. Gari limependeza, sibishi. Kimo cha tairi kimetoka milimita 777 hadi 834, yaani zaidi ya asilimia 7. Spidomita ikisoma 50, anakwenda karibu 54. Ikisoma 80, anakwenda karibu 86. Kwenye maeneo ya makazi Tanzania ukomo ni 50, na tochi ya trafiki haijali umevaa tairi gani. Faini utalipa, na ubishi wa "afande, mimi nilikuwa hamsini" hausaidii, kwa sababu afande anasoma tochi na wewe unasoma dashibodi iliyodanganywa.

Faini ni sehemu nyepesi ya jambo hili. Nguvu ya gari lililo mwendoni hupanda kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi kwa asilimia 7, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza imezidi kwa asilimia 15, na umbali wa kusimama kuanzia breki zinaposhika unaongezeka kwa kiasi hichohicho. Anayevuka barabara mbele ya shule hajui hesabu hiyo.

Kenya walianza kuzifungia matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwaka 2004, katika zile zilizoitwa sheria za Michuki. Kidhibiti kinachotegemea sensa ya gari kinaamini sensa hiyo. Mpe tairi kubwa kuliko lililotumika kumpangia, naye ataruhusu 86 huku akidhani ni 80. Muhuri haujavunjwa, waya haujakatwa, na sheria imekwisha kupindishwa na muuza matairi.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo nakubali ina uzito. Viwandani, spidomita huundwa kwa makusudi ionyeshe mwendo mkubwa kidogo kuliko ulivyo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza kabisa spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, lakini inairuhusu kuzidisha hadi sehemu moja ya kumi ya mwendo halisi na kuongeza kilomita 4. Kwa hiyo wapo wanaosema tairi kubwa linaondoa tu chumvi ya kiwandani. Kwa spidomita, mara nyingine ni kweli. Kwa kihesabu kilomita si kweli, kwa kuwa chenyewe hakitiwi chumvi hiyo. Mwenye Hilux yule akiuza gari baada ya kilomita 100,000 za dashibodi, amemuuzia mtu gari lililotembea zaidi ya 107,000, bila kukusudia kumwibia mtu yeyote. Sevisi zake zote zilichelewa kwa kiasi hicho. Tena alikuwa akilalamika kwamba tangu abadilishe matairi gari linakunywa mafuta, na sehemu ya kiu hiyo ni kilomita ambazo hazikuhesabiwa.

Chaki, futi kamba na dakika moja

Kugundua tatizo hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Gari likiwa na mzigo wake wa kawaida na upepo wa kutosha kwenye matairi, piga alama ya chaki kwenye tairi la difu na nyingine chini. Sogeza gari taratibu kwa mstari ulionyooka mpaka tairi lizunguke mara kumi. Pima kwa futi kamba, gawanya kwa kumi. Huo ndio urefu wa kweli wa mzunguko mmoja ukiwa na mzigo, na ni mfupi kidogo kuliko hesabu ya karatasini kwa sababu tairi lenye mzigo linabonyea.

Barabarani, tumia nguzo za kilomita pale zilipobaki, au simu yenye ramani. Shikilia 60 kwenye dashibodi: ukiacha ile chumvi ya kiwandani, kilomita moja inapaswa kuisha kwa dakika moja kamili. Shikilia 80: sekunde 45. Pima kwa kilomita kumi badala ya moja ili kosa la jicho lisikupotoshe. Gawanya kilomita za kweli kwa zilizoonyeshwa na dashibodi, na hiyo ndiyo namba ya kumpelekea fundi.

Fundi atafanya nini? Inategemea umri wa gari. Magari ya zamani yenye waya wa spidi yana gia ndogo ya plastiki pale waya unapoingia gia boksi. Tuseme ina meno 16. Ukiweka ya meno 15, waya unazunguka haraka kwa karibu asilimia 7, na Hilux yetu imepona. Magari ya sensa hurekebishwa kwa mashine ya kusomea gari, fundi umeme akiingiza saizi mpya ya tairi, au kwa kifaa kidogo kinachofungwa katikati ya sensa na dashibodi kurekebisha hesabu. Si kazi ya siku nzima.

Tofauti ikiwa chini ya asilimia 2, mimi ningeiacha, nikaiandika tu. Tairi lenyewe linabadilika kadiri linavyokwisha. Tairi la 315 likitoka upya hadi karibu na kipara, kimo chake kinapungua kama sentimita mbili na nusu, kiasi kwamba 315 kuukuu linakaribia kulingana na 295 jipya. Anayetaka usahihi wa kilomita moja kwa elfu atarekebisha kila mwezi na hatafika popote. Ila bosi anayejua kwamba tairi kipara huzidisha kilomita hatamfukuza mtu kwa kilomita 40.

Fundi huyohuyo anarudisha kilomita nyuma

Nikiwaeleza wenye magari jambo hili, hunikatiza: ukishamwachia fundi aguse kihesabu kilomita, umefungua mlango wa wizi. Wana sababu. Soko la magari yaliyotumika linajua vizuri gari la kilomita 240,000 lililoamka asubuhi likiwa na 90,000.

Tofauti ya kazi hizo mbili ni rahisi kuiona. Urekebishaji wa haki haugusi namba iliyokwisha kuandikwa. Unabadilisha tu jinsi kilomita zijazo zitakavyohesabiwa. Dashibodi iliyoingia gereji ikisoma 412,300 lazima itoke ikisoma 412,300. Ikitoka na namba nyingine, hapo kuna mtu wa kuhojiwa. Ndiyo maana kazi hii inahitaji karatasi: tarehe, kilomita zilizosomwa, saizi ya tairi la zamani, saizi ya jipya, namba ya marekebisho, jina la fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi hiyo ina mfano uliokwisha kutufikia, tena bila kulipiwa. Fungua mlango wa Scania, DAF au Volvo lililokuja likiwa limetumika Ulaya, chungulia kwenye nguzo ya mlango au karibu na takografu, kile kifaa kinachorekodi mwendo na saa za dereva. Huenda bado kuna kibandiko chenye herufi w, k na l, saizi ya tairi na tarehe. Hiyo w inaeleza ishara ambazo gari lile hutoa kwa kila kilomita. L ni mzunguko wa tairi kwa milimita. Katika Umoja wa Ulaya kifaa hicho hukaguliwa angalau kila miaka miwili, na tena mzunguko wa tairi unapobadilika. Lori linashuka bandarini likiwa na kibandiko, linavikwa tairi lolote lililopatikana, na kibandiko kinabaki pale kikisimulia tairi lililoachwa Rotterdam.

Wakala wa Vipimo hapa kwetu hukagua mizani ya muuza nyama na pampu ya kituo cha mafuta, na matangi ya malori ya mafuta hupimwa ujazo wake Misugusugu. Ni kazi muhimu. Lita ya dizeli inayoingia kwenye lori imelindwa na stika ya serikali. Kilomita inayotumika kuamua lita hizo ziende ngapi, na mtu alipwe ngapi, sijaona ikilindwa na chochote zaidi ya hasira za mwenye gari.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Wenye magari wanaweza kuanza na mkataba wa dereva: kifungu kimoja kinachosema kwamba kila matairi ya difu au difu lenyewe linapobadilishwa, mwenye gari atalipia kipimo na marekebisho, na dereva atapewa nakala ya karatasi. Asipopewa, tofauti ya kilomita inayolingana na tofauti ya matairi, na faini ya mwendo iliyo ndani ya tofauti hiyo, ni juu ya mwenye gari. Vyama vya madereva vinavyokutana kila mara kujadili posho vingefanya vizuri kukidai kifungu hicho kabla ya posho yenyewe, maana posho inayohesabiwa kwa kilomita za uongo inaweza kupandishwa leo na kumezwa na tairi kesho. Na wauza matairi, ambao hawajawahi kuguswa na lawama hii, waandike kwenye risiti ni asilimia ngapi tairi jipya limepishana na lililovuliwa. Hesabu hiyo inafanyika kwenye simu ya kawaida, mteja akiwa bado anasubiri chenji.